Nilimwambia Mwalimu Akubali Mfumo Mpya

Mimi nimestaafu, lakini hasira yangu bado iko kazini. Kwa hivyo nyinyi vijana mnaozunguka ofisi za Kisumu na bisibisi mfukoni, nyinyi ambao mkiulizwa jambo la kompyuta mnajibu kabla swali halijaisha, kaeni mnisikilize. Sitaanza kwa kuwatukana. Nitaanza kwa kujitukana mwenyewe, halafu mtaona kama kuna lililobaki la kwenu.

Siku hizi ule ujumbe umerudi. Mtu anafungua kompyuta yake aandike barua, na kabla hajaandika hata tarehe, skrini nzima inajaa maneno matamu: mfumo mpya uko tayari, ni bure, bonyeza hapa. Mahali pa kubonyeza ni pakubwa kama sahani. Mahali pa kukataa wamepaficha chini kwenye kona, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mwenye kompyuta hajui mfumo endeshi ni nini. Hajui kwamba hiyo ndiyo programu kubwa inayobeba zingine zote mgongoni, na kwamba ukiibadilisha umebadilisha mbebaji. Yeye ameona neno "bure" tu. Basi anakupigia simu wewe fundi, anauliza, "Nikubali?"

Mimi niliulizwa hivyo miaka kama kumi iliyopita. Nikajibu. Wacha niwaambie nilijibu nini na lilimpata nani.

Lakini kwanza mjue nilifunzwa na nani, ili mjue sina kisingizio.

Nilianza kazi kabla kompyuta hazijajaa huku kwetu. Nilikuwa msichana kutoka Ahero, mtoto wa mashamba ya mpunga, na nilichukuliwa na fundi mmoja wa mashine za taipu aliyeitwa Mzee Fanuel. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja mjini Kisumu, kinanuka mafuta na wino. Mzee Fanuel alikuwa na tabia iliyowaudhi wateja. Ukimletea mashine haifungui. Anakuwekea karatasi, anakuambia, "Kaa hapo uandike mstari mmoja." Mteja anasema ana haraka. Mzee anasema, "Basi rudi ukiwa huna haraka." Wewe unaandika, na yeye haangalii mashine. Anaangalia vidole vyako.

Siku moja hakuwepo, nami nikapokea mashine ya mama mmoja mpiga taipu wa ofisi ya wakili. Niliifungua nikaona springi moja imelegea kama mkanda wa suruali kuukuu. Nikaitoa, nikaweka mpya, nikasafisha, nikang'arisha mpaka mashine ikawa kama imetoka dukani. Nilijiona bingwa. Kesho yake yule mama alirudi analia. Kidole chake kimoja kiliwahi kuvunjika na hakikuwa na nguvu. Springi ile ilikuwa imelegezwa makusudi, na aliyeilegeza ni Mzee Fanuel mwenyewe. Kwa ile springi yangu mpya, mama hakuweza kuandika herufi "a". Hebu jaribuni kuandika barua ya Kiswahili bila "a".

Mzee hakunipigia kelele. Alinyoosha mkono nimrudishie ile springi kuukuu, nami nilikuwa nimeitupa. Tulipekua takataka pamoja, yeye na miaka yake yote, magoti chini. Tulipoipata aliniambia, "Wewe ulitengeneza mashine. Mimi huwa namtengenezea mtu."

Mnaona? Nilifunzwa. Nilifunzwa mapema na kwa aibu. Na bado nilifanya nilichofanya.

Mashine za taipu zilipokufa nilihamia kompyuta, na nilizijua vizuri. Niliwahi kutoa mjusi aliyeungua ndani ya kompyuta ya askofu. Ofisi zilizo karibu na ziwa nilizijua kwa wadudu: wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi wanaingia kwenye feni ya kompyuta, wanashikana humo, ukifungua unakuta wamekauka na kujaa kama gunia la omena, wale dagaa wetu wa ziwani. Mhasibu mmoja aliniuliza kama ule unga ni wa kompyuta. Nikamwambia ndiyo, na wanaopenda hula na ugali. Akaandika kwenye daftari lake.

Miongoni mwa niliowahudumia ilikuwa shule moja ya watoto wasioona, upande wa barabara ya kwenda Bondo. Sitaitaja. Hapo alikuwepo Mwalimu Okelo. Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kugeuza vitabu na mitihani kuwa maandishi ya nukta nundu, yale ya kusomwa kwa vidole. Alikuwa na kompyuta yenye programu ya kumsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini, na kando yake printa ya nukta nundu, zawadi ya wageni fulani wa kanisa, inayotoboa karatasi nzito kwa kishindo kama mtu anayepigilia mabati. Ile sauti ya kompyuta aliiita Shemeji.

"Kwa nini Shemeji?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Kwa sababu anaongea bila kupumua na siwezi kumfukuza," alisema.

Shemeji alikuwa na lafudhi ya ng'ambo na aliyatafuna majina ya Kijaluo vibaya sana, lakini kwa msaada wake Mwalimu Okelo aliandika, alisahihisha, alichapa, alituma barua, bila kumuomba mtu macho. Mimi aliniita Nyar Kano, yaani binti wa Kano, kwa kuwa kwetu Ahero ni nchi ya Kano. Katika ofisi zote nilizopita, ni yeye peke yake aliyekuwa akizima kompyuta kwa utaratibu unaotakiwa.

Basi ule mwaka mfumo mpya ulipotoka, wa bure, ujumbe ukaanza kumwingilia. Kila dakika chache Shemeji anakatiza alichokuwa akisoma na kuanza kumsomea tangazo. Mwalimu akalifunga, tangazo likarudi. Ilikuwa wiki ya kuelekea mtihani wa majaribio wa darasa la mwisho, ule tunaouita moki, na karatasi za mitihani zilikuwa zinakaribia kufika kwenye flashi ili azichape kwa nukta nundu.

Akanipigia simu. Nilikuwa ofisi moja ya ufukweni, nimechuchumaa chini ya meza, tochi kwapani, bisibisi kati ya meno, natoa wale wadudu.

"Nyar Kano," alisema, "hili tangazo limenichosha. Wanasema mfumo mpya, bure. Nikubali ama nikatae?"

"Kubali tu, Mwalimu."

"Shemeji na printa hawatasumbuka?"

Sikilizeni hilo swali. Mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta kwa macho aliuliza swali ambalo mimi, fundi wa miaka ile yote, nilipaswa kuuliza. Nami nikajibu bila kutoa bisibisi mdomoni.

"Hawatasumbuka. Ni bure, kubali tu."

Sikujua kama hawatasumbuka. Sikuwa nimeangalia. Nilitaka kumaliza simu, basi.

Akakubali. Mashine ilifanya kazi mchana kutwa, stima haikupotea, kila kitu kikaenda sawa mpaka mwisho. Asubuhi alinipigia tena.

"Nyar Kano, Shemeji amenyamaza."

Nikamwambia azime awashe. Akazima akawasha. Nikamwambia asubiri kidogo, labda bado inajipanga. Akasubiri. Mtu mzima, mwalimu, amekaa mbele ya kompyuta ambayo kwake sasa ni sanduku tu, anasubiri kwa sababu mimi nimesema asubiri. Nilikuwa na kazi nyingine mjini. Nilifika shuleni siku ya tatu.

Nilipoingia ofisini kwake meza ilikuwa tupu. Vumbi lilionyesha mahali kompyuta ilipokaa. Mwalimu Okelo alikuwa kwenye kona, amewekewa kiti, mbele yake ile mashine ndogo ya mkono ya nukta nundu, ya vitufe sita. Mwalimu mwenzake alikuwa anamsomea mtihani mstari kwa mstari naye anaugonga kwa vidole, karatasi moja baada ya nyingine, kwa watahiniwa tisa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba.

"Kompyuta iko wapi?" nilimuuliza.

"Imeenda kwa mwalimu mkuu," alisema, bila kuacha kugonga.

Mwalimu mkuu alinipokea amesimama. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya sekretari wake, inang'aa na mfumo wake mpya.

"Madam, afadhali umekuja," alisema. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Mtu asiyeona utampaje kompyuta? Amebonyeza bonyeza huko mpaka ameiharibu. Sasa sekretari ataitumia, angalau yeye anaona anachofanya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: si yeye, ni mimi. Nikayameza. Nilijiambia nitatengeneza kwanza, halafu nitaeleza. Nilikuwa na jina mjini, nilikuwa na shule zingine tatu zinazoniamini. Na Mwalimu Okelo, nilipata kujua baadaye, alikuwa ameulizwa na mwalimu mkuu mara mbili ni nani aliyemruhusu. Mara zote mbili alijibu, "Nilibonyeza mwenyewe."

Mfumo ule ulikuwa na njia ya kurudi nyuma, kurudi kwenye ule wa zamani, kwa siku chache za mwanzo. Nilijua hiyo njia na ndiyo niliyokuwa nimeitegemea. Nikaitafuta. Haikuwepo. Sekretari alipopewa mashine, skrini iliandika kwamba diski inajaa, na kwamba inaweza kujisafisha. Akabonyeza asafishe. Simlaumu, hakuna aliyemwambia kwamba kilichoitwa takataka ndicho kilichokuwa mfumo wa zamani.

Programu ya Shemeji ilikataa kuingia kwenye mfumo mpya. Ilitaka toleo jipya, nalo lilikuwa la kununua, na shule haikuwa na fungu la hilo. Printa ndiyo iliyonivunja. Kifaa kama kile kinahitaji programu ndogo ya kukiunganisha na mfumo, na ya mfumo mpya haikuwepo popote. Niliwaandikia waliotengeneza printa, huko ng'ambo. Walijibu kwa adabu sana kwamba aina ile hawaishughulikii tena, na wakaniwekea picha ya printa mpya. Nzuri kweli.

Bure! Bado nikilisikia hilo neno damu inanichemka. Mfumo bure, sawa. Kila kilichobebwa na mfumo ndicho kikageuka kuwa cha kununua upya. Na waliolituma lile tangazo hawakuandika popote, hata kwa yale mayai ya chawa, kwamba, "Mwalimu, kama una printa ya zawadi na sauti inayokusomea, subiri." Hawakumjua. Lakini mimi nilimjua! Nilikuwa nimekunywa chai naye.

Mwalimu Okelo alimaliza kwa mkono Kiswahili, Kiingereza, na sehemu kubwa ya sayansi. Hesabu haikuwezekana. Jedwali na grafu huzigongi kwa kusomewa, tena kwa nakala tisa, tena kwa siku mbili.

Siku ya hesabu nilikuwa shuleni, nahangaika na kompyuta ile. Nilipita nje ya darasa. Kwa sababu hakukuwa na karatasi za nukta nundu, waliweka mwalimu wa kuwasomea watahiniwa maswali kwa sauti. Kulikuwa na msichana mmoja, Apiyo, ambaye shule nzima ilijua kwamba hesabu ndiyo chakula chake. Nilimsikia anauliza, "Mwalimu, tafadhali soma tena safu ya pili." Akasomewa. "Na safu ya nne?" Akasomewa. "Tafadhali, rudia kuanzia juu." Msimamizi akasema, "Apiyo, unasumbua wenzako."

Msichana aliweka mikono juu ya meza, viganja chini, akaipitisha kwenye mbao taratibu, kama mtu anayetafuta karatasi ambayo lazima iko hapo mahali fulani. Nilisimama pale dirishani nikaona hayo.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Sikubisha hodi.

"Mimi ndiye niliyemwambia akubali," nilisema. "Okelo aliniuliza. Aliniuliza hata kuhusu printa. Nikamdanganya."

"Hata kama," alisema. "Aliyebonyeza ni yeye."

"Alibonyeza kwa sababu aliuliza fundi! Wewe ukienda kwa daktari akakupa dawa mbaya, utalaumiwa wewe uliyemeza?"

"Madam, punguza sauti. Kuna mtihani."

"Mtihani gani? Kuna mtihani gani pale? Umeusikia?"

Nilisema na mengine, kwa Kijaluo, ambayo sitayaandika kwa kuwa mjukuu wangu anasoma hizi karatasi. Sekretari alitoka nje. Mwalimu mkuu hakumrudishia Okelo kompyuta, na hakumwomba radhi, siku ile wala baadaye. Lakini aliacha kusema kwamba asiyeona hafai kupewa kompyuta. Labda aliacha kusema mbele yangu tu.

Nikazunguka Kisumu nzima kutafuta kompyuta kuukuu ya kupokea mfumo ule wa zamani. Watu walikuwa wamezitupa au wamezikubalia ule wa bure. Niliipata mtaa wa Nyalenda, nyuma ya duka la intaneti lililofungwa. Mwenye nyumba alikuwa ameilaza chini na kupanga mitungi ya maji juu yake. Ilikuwa na kutu upande mmoja. Niliiosha, nikaikausha juani, nikabadilisha diski, nikaweka mfumo wa zamani kutoka sidii niliyoipata hatimaye kwa fundi mwenzangu, nikaweka Shemeji, nikaunganisha printa. Ilipoanza kupigilia mabati yake, watoto walikuja mbio mpaka mlangoni.

Mwalimu Okelo alishika ukurasa wa kwanza, akaupitia kwa kidole.

"Kuna kosa mstari wa tatu," alisema.

Nikacheka mpaka nikalia. Yeye hakucheka. Alisema, "Nyar Kano, siku nyingine ukiwa hujui, niambie hujui. Mimi nimezoea kungoja."

Mngependa niishie hapo, eti mambo yakawa sawa. Hayakuwa sawa. Kulikuwa na wafadhili waliokuwa wakichagua watoto wa kuwalipia shule ya upili, na walichagua kwa matokeo ya moki. Apiyo alianguka hesabu, jina lake halikuwepo. Mtihani wenyewe wa mwisho aliufanya kwa karatasi za nukta nundu na akafanya vizuri, lakini orodha ilikuwa imefungwa. Alikaa nyumbani kwa bibi yake mwaka mzima akipukuchua mahindi, mpaka nafasi ilipopatikana kwingine. Mwaka mzima, jameni, wa mtoto aliyetaka tu kusoma safu ya pili na ya nne.

Nilienda kumwambia bibi yake ukweli. Nilimkuta uani, nikamsalimu, "Dani," kama tunavyowaita bibi zetu, nikaeleza yote kuanzia simu mpaka moki. Alisikiliza akichambua mboga. Nilipomaliza aliniuliza, "Sasa umekuja kuniambia ili nifanye nini?"

Nikasema nilitaka tu ajue.

"Umekuja ili upumue wewe," alisema. "Haya, pumua. Mtoto bado yuko nyumbani."

Hayo maneno sikuwahi kumsimulia mtu mpaka leo. Nilifuatilia ile nafasi ya Apiyo shule kwa shule, barua kwa barua, na ilipopatikana Dani hakunishukuru, na alikuwa na haki.

Sasa, asije mtu akasema nawafundisha kukataa kila kipya. Kukataa nako kuna kilio chake. Namjua mwenye duka la intaneti aliyejigamba kwamba kompyuta zake hazijawahi kubadilishwa tangu azinunue. Kirusi kiliingia kupitia tundu ambalo mifumo mipya ilikuwa imeliziba zamani, kikafunga kazi za wateja wote, pamoja na tasnifu ya mwanafunzi aliyebakiza wiki moja aiwasilishe. Mfumo ulioachwa na wenyewe ni nyumba isiyo na komeo. Ukiamua kubaki nao, itoe mashine kwenye intaneti kabisa, uhamishe kazi kwa flashi uliyoikagua. Ile kompyuta ya Nyalenda haijagusa intaneti tangu niilete, na ndiyo maana ingali hai.

Ukiamua kuhama, andika kwanza kwenye karatasi kila programu ambayo mtu huyo anaitumia na kila kifaa anachokichomeka, hata kile cha zawadi. Kaa naye akuonyeshe siku yake yote. Usimwulize "unatumia nini," maana atasahau kinachomlisha. Nakili kila kitu chake kwenye diski nyingine, ujaribu mfumo mpya kwenye hiyo diski nyingine, na uchapishe ukurasa kabla hujasema neno. Usifanye wiki ya mtihani, wala ya mishahara, wala ya mazishi. Na kama hujui, sema hujui. Si ni neno moja tu? Mbona linawachoma ulimi?

Nakuja kwa la mwaka huu, lililonifanya nichukue kalamu.

Mwalimu Okelo yuko karibu kustaafu. Shule ile ina mwalimu mkuu mwingine sasa, mtu mzuri, lakini kompyuta zinasimamiwa na ofisi moja mjini inayohudumia shule kadhaa. Ofisi ikatuma waraka: ifikapo Ijumaa, kompyuta zote zitawekewa mfumo mpya, bure, na zile zisizoupokea kwa sababu ya ukuukuu zitaondolewa. Mwalimu ana laptopu ambayo ingepokea. Ile ya Nyalenda, inayoendesha printa, ingeondolewa.

Akanipigia simu, mimi mstaafu mwenye kuku wake. "Nyar Kano, watu wa bure wamerudi."

Tukaenda pamoja mjini. Ofisa ni kijana anaitwa Brian, mstaarabu, shati safi, kompyuta tatu mezani. Akanipa mimi kiti kizuri. Nikamkalisha Mwalimu hapo.

"Mama," Brian aliniambia, "hii ni maendeleo. Na hailipishwi hata shilingi."

"Najua."

"Sasa huyu mwalimu anatumia programu gani?" aliniuliza mimi. "Anaweza kutumia ya kuongea iliyo ndani ya mfumo mpya? Ama kuna mtu wa kumsaidia?"

Mwalimu Okelo alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake. Ile hasira ya dirishani ilinirudia, na maneno safari hii sikuyameza.

"Brian," nilisema, "huyo unayemuuliza habari zake ameketi mbele yako. Haoni. Si kwamba hasikii. Si kwamba hana akili. Mimi nilishawahi kuamua kwa niaba yake kwa dakika moja ya simu, na mtoto akapoteza mwaka. Wewe unataka kuamua kwa waraka. Geuza hicho kiti chako umuulize yeye!"

Wasichana wawili wa mapokezi walichungulia. Brian alikuwa mwekundu wa macho, na nikadhani ataniitia mlinzi. Halafu akageuza kiti.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Wewe unatakaje?"

Mwalimu Okelo alifikicha magoti kwa viganja.

"Nimefanya kazi hii karibu maisha yangu yote," alisema, "na hilo swali ofisi inaniuliza leo kwa mara ya kwanza. Nataka siku mbili. Niwekee huo mfumo kwenye diski ya pembeni, niujaribu kwa masikio yangu na kwa printa yangu. Nikisema ndiyo, iwe ndiyo. Nikisema hapana, iwe hapana."

Brian alichukua kalamu. Mbele ya jina la shule, kwenye ile orodha ya Ijumaa, alikata mstari, akaandika kando: mwenyewe ataamua.

Mwalimu aliujaribu siku mbili, kisha akaongeza ya tatu. Laptopu akaikubalia. Alisema sauti ya mfumo mpya inatamka jina lake vizuri kuliko mwalimu mkuu wa zamani. Ile ya Nyalenda akaikatalia, nayo ikabaki mezani. Nilisikia hayo wiki moja baadaye, sokoni, kutoka kwa mtu mwingine. Mwalimu alikuwa amempigia Brian mwenyewe, wakamaliza. Hakunipigia mimi kwanza. Hakuwa na haja.